Aliyekataa Kuketi

Wiki mbili zilizopita, kwenye foleni ya zahanati kule Muthetheni, mwanamume mmoja alikataa kuketi mara tatu. Mama mmoja alisogeza kyondo, kikapu chake cha kusukwa, kumpa nafasi kwenye benchi. "Keti hapa, mwanangu."

"Asante mama, niko sawa tu," akajibu, jasho likimtoka, mkono nyuma ya suruali.

Zamu yake ilipofika, pazia la chumba cha nesi halikuzuia sauti.

"Sista, niko na jipu hapa pa kukalia. Ni maembe yameniletea. Nimeacha kuyakula, na miti ni yangu!"

"Maembe yamekukosea nini?" nesi akauliza. "Ni vijidudu, vimepitia penye ngozi imechubuka. Kanda na kitambaa safi cha maji ya moto yasiyokuchoma, mara tatu kwa siku. Usilikamue. Likizidi kuvimba ama ukipata homa, rudi haraka."

Kwenye benchi tulitazamana. Huku kwetu embe hushtakiwa kwa majipu kila msimu, na sijawahi kusikia likipewa nafasi ya kujitetea.

Jana nilimwona mwanamume yule sokoni. Alikuwa ameketi, tena ameketi kweli kweli, juu ya gunia la mbaazi, anamenya embe la pili.