Mke wa Shujaa Asiyekufa

Jumatatu nilikwenda duka la vitabu hapa Malindi kununua msahafu wa maandishi makubwa. Ilikuwa safari yangu ya kwanza mjini tangu nitoke eda ya mume wangu. Mbele yangu kwenye kaunta alisimama msichana wa chuo, amekumbatia kitabu kinene cha katuni.

"Huyu shujaa wako si alikufa?" muuza duka alimtania. "Ulikuja hapa macho mekundu."

"Alikufa katika vile vya mwanzo, ami. Hizi ni hadithi za dunia nyingine. Humu hakufa."

"Na mkewe?"

"Yupo, wanagombana kila siku. Bwana anaruka angani kuokoa watu, chakula kinapoa."

Niliomba kukitazama. Msichana akaniamkia, kisha akanifungulia ukurasa. Mke amesimama, mikono kiunoni, na mume anaingia kupitia dirishani, ameinamisha kichwa kama mwizi.

Mungu anisamehe, nilimwonea wivu mwanamke wa kuchorwa. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani nikiridhia amri ya Mola, na sikumhusudu jirani yeyote mwenye mume. Huyu wa karatasi alinishinda.

"Mwanangu, huyu anajua kwamba katika dunia ile ya mwanzo ni mjane?"

"Hajui, bibi. Angejua asingemkaripia."

Nilimrudishia kitabu chake. Nanyi wasomaji wenye waume wa kuchelewa, wagombezeni tu. Kwangu siku hizi chakula huliwa kingali moto, na hapana wa kumnunia.