Ng'ombe wa Minza

Mwanangu, ipo siku moja ya usichana wangu ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo. Nilikuwa nimekaa uani na bibi, mama yake baba, tunakata viazi vitamu vya kukausha viwe michembe, mara tukamwona Salumu amesimama nje ya ua wa minyaa na baiskeli yake. Hakuthubutu kuingia. Alitwambia kwa sauti ya chini kwamba Minza amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima, kisha akageuza baiskeli akarudi Bariadi mjini.

Minza ni dada yangu, na wakati huo mama yetu alikuwa ameshafariki. Salumu alikuwa na duka la vitambaa mjini, kijana Mwislamu ambaye wazazi wake walihamia kutoka Kondoa. Baba yangu alilima pamba na alikuwa katekista wa kigango chetu. Alikuwa mtu mwema, lakini akishasema, amesema. Wazee wa Salumu walipoleta ng'ombe wa mahari, baba aliwarudisha kabla hata mmoja hajaingia zizini. Alisema hapokei ng'ombe wa mtu asiyesali naye. Minza akaondoka hivyo hivyo, akaolewa bila sisi, na tangu hapo jina lake halikutajwa tena nyumbani. Mimi nilikuwa nalitaja usiku kwenye sala zangu. Nilimkumbuka sana dada yangu.

Basi baba aliporudi kutoka shambani, bibi alimpa habari. Baba akaendelea kunawa mikono. Nikajua imeshindikana, dada atalea mtoto wake peke yake kama mtu asiye na kwao. Kumbe bibi alikuwa hajamaliza.

"Ng'wanawane," alimwita, maana kwake yeye baba alikuwa bado mtoto, "wale ng'ombe uliwakataa?"

"Niliwakataa, mayu."

"Hakuna hata mmoja aliyeingia hapa?"

"Hakuna."

"Sasa huyo mtoto ni wa nani?"

Labda hili hamlijui ninyi mliokulia mjini, mwanangu. Kwetu Usukumani, kama mahari haijatolewa, mtoto anayezaliwa ni wa baba wa huyo mwanamke. Baba alilijua hilo kuliko wengi, kwa sababu majirani walipogombania mtoto wa namna hiyo, yeye ndiye aliyeitwa kuamua, na aliamua hivyo hivyo.

"Ni wako," bibi akasema. "Una mtoto mchanga amelala kwa watu, na wewe unanawa mikono ule ugali. Kamchukue."

Kesho yake asubuhi tukaondoka. Baba alisukuma baiskeli, bibi amekaa kwenye keria, nami nikifuata nyuma na kikapu cha michembe. Njia nzima bibi aliimba, tena kwa makusudi, nyimbo za kubembelezea watoto.

Minza alipotuona aliangua kilio, nami nikalia pamoja naye. Baba alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akasema, "Nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Nilimtazama Salumu nikaogopa. Pale palikuwa kwake. Angeweza kumfukuza mzee yule kama yeye alivyofukuzwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alichuchumaa kama kijana aliyelelewa kwetu, akaamkia kwanza, ndipo akasema, "Ni wako, baba. Siwezi kubisha." Akampokea mtoto kutoka kwa Minza, akamweka mikononi mwa baba.

"Haya, twendeni," bibi akasema. "Ila sijui utamnyonyesha nini."

Baba alitaka kukasirika, akashindwa. Akaketi kwenye kigoda, akamtazama mtoto. Kisha akauliza bila kuinua uso, "Wale ng'ombe uliwauza?"

"Hapana, baba. Wako kwa rafiki yangu, upande wa Maswa. Hata ndama sijauza. Nilijua wana mwenyewe."

Baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama.

"Walete," akasema. "Mtoto huyu hawezi kukaa bila baba."

Wakaletwa, na mtoto akawa wa Salumu. Baba aliendelea na ukatekista wake na Salumu na msikiti wake, na tulikuwa tukipikiana Idi na Krismasi. Maksai waliozaliwa zizini humo walilima pamba yetu, na ndama wengine waliuzwa nikaenda chuo cha ualimu. Siku hizi kwenye semina nasikia kwamba mila na dini zinachelewesha maendeleo. Nyingine zinachelewesha kweli. Nimefundisha wasichana walioachishwa shule kwa ajili ya ng'ombe, na hilo bado linaniuma. Ila mimi ninayekuandikia haya nilisomeshwa na mahari ya dada yangu, kwa hiyo huwa sina haraka ya kupiga makofi.

Bibi hakumwambia baba aache dini yake wala mila zake. Alitafuta ndani ya mila hizo hizo mahali pa kupita, akampitisha mwanawe hapo bila kumwaibisha. Nawe nakuomba hivyo, mwanangu. Siku utakapotaka kusema dini yangu hairuhusu, au kwetu hatufanyi hivyo, angalia kwanza ni nani atakayebaki nje kwa neno lako. Ukimwona, mtafutie pa kuingilia, hata kama utachekwa.

Mungu akubariki wewe na utakaowazaa. Akulinde usije ukamfukuza mtu wako. Na ukimfukuza, maana sote ni wanadamu, akujalie awe na moyo kama wa Salumu, akungoje mpaka siku utakayofika mlangoni kwake.