Sweta la Mwenye Baridi Zaidi

Kuna majira fulani ya baridi ambapo kila asubuhi, kabla hata sijamshukuru Mungu kwa kuniamsha, nilikuwa nafungua simu kuangalia hali ya hewa ya miji miwili. Kwanza mji wa mdogo wangu, kaskazini kabisa mwa Ufini, halafu London ninapoishi mimi. Kwake hasi ishirini na mbili. Kwangu nyuzi saba, manyunyu. Kesho yake kwake hasi ishirini na tano, kwangu nane, manyunyu. Nilikuwa natupa simu kitandani kwa hasira na kwenda kuoga.

Najua watu wazima huoneana wivu wa nyumba, wa waume, wa watoto waliofaulu. Mimi nilimwonea ndugu yangu wa tumbo moja wivu wa theluji. Nisikilize kwanza, kisha ucheke.

Tulizaliwa Makete, kwenye milima ya kusini mwa Tanzania, ambako sweta si nguo ya safari bali ni nguo ya kila siku. Mwezi wa sita na wa saba sakitu inaanguka. Unaamka unakuta majani meupe, yanavunjika chini ya kiatu, na viazi vimeungua shambani kama vimepitiwa na moto. Jioni tulikuwa tunakaa jikoni, mama na sisi binti zake wawili, kuuzunguka moto wa kuni. Na mama alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya chakula alitushika mikono, mmoja baada ya mwingine, macho kayafumba kidogo kama mtu anayeonja chumvi. Mwenye mikono ya baridi kumzidi mwenzake ndiye aliyekalia kigoda cha pembeni yake, akafunikwa nusu ya blanketi lake, na kiazi cha kwanza kutoka majivuni kikawa chake.

Mdogo wangu alishinda karibu kila siku. Mimi ndiye niliyeteka maji, mimi niliosha vyombo, lakini jioni mikono yake ndiyo iliyokuwa barafu. Hilo lilinishangaza mpaka siku nilipozunguka nyuma ya jiko nikamkuta amechuchumaa, mikono kaizamisha kwenye ndoo ya maji mpaka viwiko, meno yanagongana. Nilimkamata sikio nikampeleka kwa mama, nikaeleza yote nikiwa na furaha ya polisi. Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi. Kisha akamfuta mikono kwa khanga yake, akamkalisha kwenye kigoda.

"Wewe kaa pale," aliniambia.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sasa nina arobaini na sita na bado naiona ile khanga.

London nilitangulia mimi. Nafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee Lewisham, na nakaa Woolwich. Miaka ya mwanzo nilikuwa mtoto wa sifa, mama akinitaja kanisani mpaka watu wakachoka. Halafu mdogo wangu akapata kazi ya uuguzi Ufini, na picha zikaanza kuingia kwenye grupu letu la familia. Gari limefukiwa, limebaki kioo. Ziwa limekuwa barabara. Yeye mwenyewe kope zimeganda, anatabasamu kama mtu aliyepewa tuzo.

Mama hakuwa anaandika, alikuwa anatuma sauti. "Mwanangu, huko kuna watu kweli? Vaa soksi mbili. Nakuombea asubuhi, nakuombea jioni." Ujumbe wa dakika nne, wote wa mdogo wangu. Mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kufunga mlango, angeongeza: "Na wewe wa London, hujambo?"

Sijambo. Nilimweleza mara nyingi kwamba baridi ya London ni ya aina nyingine. Haijitangazi. Inakuja na unyevu, inapita kwenye koti, inapita kwenye sweta, inakaa mgongoni na haiondoki mpaka mwezi wa tano. Unasubiri basi asubuhi gizani, huoni kinachoanguka kutoka juu wala kinachokauka chini. Lakini utaipigaje picha hiyo? Ukipiga picha manyunyu, unaonekana umepiga picha ukuta.

"London si baridi," mama alinijibu. "Si nawaona kwenye mpira, wanakimbia na kaptula?"

Wachezaji wale waliniponza.

Mwaka huo, mwezi wa kumi na moja, mama alituma ujumbe ulioniingia vibaya. Alisema macho yamechoka na vidole vimeanza kukataa, kwa hiyo anafuma sweta moja, ndilo la mwisho. Alikuwa ametufumia masweta tangu tukiwa wachanga. "Uzi uliobaki unatosha moja tu," alisema. "Litakwenda kwa mwenye baridi zaidi."

Mdogo wangu alijibu haikupita dakika. Hakuandika neno. Alituma picha ya dirisha lake, theluji imefika nusu ya kioo.

Naisema wazi, roho iliniuma. Sikutaka sweta kwa ajili ya joto. Maduka ya Woolwich yamejaa masweta. Nililitaka lile, lililopita kwenye vidole vya mama, kwa sababu baada ya lile hakuna jingine. Nikaanza kampeni. Nilikohoa kwenye ujumbe wa sauti. Nilipiga picha hita ya chumbani nikasema imekufa, na haikuwa imekufa. Nilimwambia mama kwamba Waingereza wenyewe wanalalamika. Mdogo wangu akawa anaweka alama za kucheka, na mimi nikawa naangalia nyuzi zake kila asubuhi kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani.

Kisha, mwezi wa kwanza, theluji ikaanguka kwetu. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi nikakuta Woolwich nyeupe. Haikuwa nyingi, unene wa kidole, lakini mabasi yalikwama na watu walitembea kama wamebeba mayai. Nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Sikupiga picha kwa sababu nilikuwa nimechelewa na simu ilikuwa chini ya koti mbili; nikasema nitapiga nikitoka kazini, kwenye mwanga. Siku nzima nilikuwa nalisha wazee uji huku nachungulia dirishani. Nilipotoka saa tisa, London ilikuwa imerudia hali yake. Barabarani tope la kijivu, na juu manyunyu.

Nilisimama sokoni Lewisham nikataka kulia. Hapo ndipo nilipomwona muuza samaki, baba mmoja wa Bukavu ambaye mimi hununua sato kwake, anafunga meza na kumwaga barafu yake chini. Barafu nyeupe, iliyosagwa, rundo zima.

"Nipe hiyo," nilimwambia.

"Mama, hii barafu utafanya nayo nini? Iko na harufu ya samaki."

"Nipe tu."

Alinijazia boksi mbili nyeupe za samaki, akitikisa kichwa. Nilipanda nazo basi, nikazipakata, maji yananichuruzika mpaka kwenye viatu. Dada mmoja aliyekaa karibu nami alihama kiti. Nilipofika nyumbani nilizimwaga kwenye kizingiti cha mlango, nikasambaza kwa mkono, nikalaza fagio juu yake kana kwamba nimeshindwa kufagia. Nilipiga picha kwa chini ili rundo lionekane kubwa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikaandika: "Hali ni mbaya. Tuombeeni."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikumaliza robo saa.

"Dada," mdogo wangu aliandika, "theluji ya kwenu inashuka na magamba?"

Nilikuza picha. Lilikuwepo, katikati kabisa, gamba moja la sato linang'aa kama shilingi mpya, na pembeni yake pezi. Alama za kucheka zikamiminika, nyingi mpaka ikabidi niburuze simu kuzipita. Mama alituma sauti ya neno moja: "Nimeona."

Baada ya hapo mama hakusema kitu kwangu kwa wiki mbili. Nilifagia barafu ile ikiwa tayari maji, na kizingiti kilinuka mpaka Jumapili. Nilikuwa nimejifedhehesha, na nilijua sweta nimelipoteza. Asubuhi niliendelea kuangalia nyuzi. Hasi thelathini. Alikuwa anashinda bila hata kujitahidi.

Mwezi wa pili, mama mmoja wa kanisani kwetu Woolwich alikwenda Mbeya kwenye msiba, na kama kawaida yetu, alirudi amebeba mizigo ya watu kuliko nguo zake. Akanipigia kwamba ana furushi langu kutoka nyumbani. Mama yangu alikuwa amenidokeza kwa sauti fupi: "Kuna mtu anakuja huko. Nimempa sweta." Hakusema la nani, na mimi sikuuliza. Nilielewa. Msafiri anakuja London, hakuna anayekwenda Ufini, kwa hiyo litapitia kwangu na mimi nitalipeleka posta. Nilikuwa tarishi wa sweta la mwingine.

Nililichukua siku ya Jumamosi. Nilinunua bahasha kubwa, nikaandika anwani ya mdogo wangu kwa herufi nzuri, ili nisije nikabadilisha mawazo. Kisha nikafungua furushi. Lilikuwa la kahawia, shingo ndefu, limefumwa ile nakshi ya mama ya vilima. Lilinuka moshi wa jikoni kwetu. Mistari miwili ilikuwa imepinda begani, na mama hakuwa mtu wa kupindisha mistari. Macho yalikuwa yamemchosha kweli.

Shetani akaniambia, lijaribu tu. Nikasema najaribu dakika moja halafu nalikunja.

Nikapitisha kichwa, nikapitisha mikono, na mikono ya sweta ikanifika kwenye vifundo. Sasa mimi nina mikono mirefu kupita kiasi. Tangu utoto hakuna nguo inayonifika, ya duka wala ya cherehani. Mdogo wangu ana mikono mifupi. Sweta lile kwake lingefunika vidole na kubaki. Nilikaa kitandani nalo nikampigia mama.

"Mama, hili sweta ni la nani?"

"Limekutosha?"

"Limenitosha."

"Basi unauliza nini?"

"Ulisema la mwenye baridi zaidi. Huko kwake ni hasi thelathini. Kwangu nyuzi saba."

Alicheka kidogo, akakohoa. "Mwanangu, mimi nimezeekea kwenye sakitu. Barafu ya samaki naijua. Mtu mzima, mwenye kazi yake, anaokota barafu ya samaki ili mama yake amhurumie? Nikajua huyu ana baridi. Kwa nini unafikiri nilinyamaza? Nilikuwa nafumua mikono ya sweta, naianza upya kwa kipimo chako."

Ningenyamaza hapo ningekuwa na busara. Lakini nina roho ya kwa nini, na ilikuwa imesubiri miaka thelathini na mitano.

"Na yeye alipokuwa anadanganya? Alikuwa analowesha mikono kwenye ndoo, mama. Nilikwambia. Ukampa kigoda."

"Nilikuwa najua kabla yako. Maji yale ya mwezi wa saba! Mtoto anajitesa vile ili akae na mimi, nimfukuze?"

"Na mimi ambaye sikudanganya?"

Nilimsikia mama akisogeza kuni motoni.

"Wewe hukuwahi kuniambia una baridi," alisema. "Ulikuja kuniambia mwenzio mwongo."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikalia nikiwa nimelivaa. Halafu, na hili nalieleza kwa sababu nimeamua kusema kweli, nilinawa uso, nikapaka mafuta ya midomo, nikajipiga picha mbele ya kioo, mikono nimeinyoosha ionekane ilivyofika. Nikaituma kwenye grupu. Sikuandika neno. Mdogo wangu aliweka moyo mmoja, basi. Nililala vizuri kuliko nilivyolala tangu mwezi wa kumi na moja.

Asubuhi nilikuwa kwenye basi la kwenda Lewisham, sweta chini ya koti, vioo vina mvuke. Sikuwa nimeangalia nyuzi za mtu. Simu ikalia. Ilikuwa picha kutoka Ufini: mkono wake, mtupu, bila glovu, umezamishwa kwenye theluji mpaka kifundo. Kipande kilichoonekana juu ya theluji kilikuwa chekundu. Hakuwa ameandika kitu.

Sauti ya mama ilifika kabla sijajua niseme nini. "Toa mkono huo, mwanangu. Toa haraka, mama ameuona. Toa, njoo nikushike."

Wivu ukanipanda palepale, mzima, kana kwamba sikupewa chochote. Nikaandika, "Vaa glovu, acha utoto." Nikayasoma maneno yangu, nikayafuta. Niliujua ule mkono. Mimi ndiye niliyeukuta kwenye ndoo.

Safari hii sikumshitaki. Lakini sweta sikulivua.