Usizuie Pumzi

Siku nilipoonyeshwa moyo wangu mwenyewe kwenye skrini, niliuliza maswali mengi. Ndiyo kazi yangu. Nimekuwa mwandishi wa habari Dodoma tangu mji haujaanza kusongamana, na nimezoea kuuliza hata pale ninapoogopa jibu. Daktari, mwanamke kijana mwenye subira ya mwalimu wa darasa la kwanza, alinijibu yote. Vali inayofungua na kufunga njia ya damu kutoka moyoni, alisema, kwa watu wengi ina vipande vitatu. Yangu ina viwili, na nilizaliwa nayo hivyo. Tena mshipa mkuu unaoanzia hapo umetanuka.

"Umewahi kuona mpira wa baiskeli uliovimba upande mmoja?" aliniuliza.

Nimekulia karibu na Kolo, kwenye vilima vya Kondoa, ambako baiskeli ndiyo ilikuwa lori letu. Niliwahi kuiona mipira ya namna hiyo, na niliwahi kuisikia ikipasuka.

"Basi ndivyo ulivyo. Unaweza kukaa nao hivyo miaka mingi. Tutakuwa tunaupima, ukifika kiwango fulani utafanyiwa upasuaji. Kwa sasa utameza dawa za presha, na hutanyanyua kitu chochote kinachokufanya uzuie pumzi."

"Kama nini?"

"Gunia. Gogo. Kusukuma gari lililokwama. Unafanya kazi gani?"

"Mwandishi."

"Una bahati. Kalamu haizuii pumzi."

Tulicheka. Kisha akauliza kama katika familia yetu kuna mtu aliyekufa ghafla. Nikamweleza kuhusu baba, aliyekwenda shambani asubuhi akiwa mzima, akainua gogo la kuziba pengo la uzio, akaanguka. Mimi sikuwa nimeanza shule. Kijijini walisema amekanyaga kitu alichotegewa. Daktari akasema hilo hatuwezi kulijua sasa, ila ndugu zangu waje wapimwe, maana vali ya namna yangu huweza kutembea katika ukoo. Nikamwambia nitawafikishia habari.

Ndugu yangu ni mmoja tu, kaka, ambaye hakuondoka kijijini. Nilikuwa na namba yake ya simu kichwani. Sikumpigia, kwa sababu kumwambia kaka ilikuwa sawa na kumwambia mama, na mama ndiye aliyemfuata baba shambani siku ile na kumkuta chini. Nilijiambia kwamba siwezi kumpelekea habari kuwa huenda kilichomwangusha mumewe kimo kifuani mwangu. Ilikuwa sababu nzuri. Niliitumia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Aliyejua ni mke wangu peke yake. Nyumbani kwetu Nkuhungu mambo yalijipanga upesi. Ndoo kubwa ziligawiwa majirani, tukanunua ndogo. Mtungi wa gesi ulianza kuletwa na mwenye duka hadi jikoni. Mjini mtu anaweza kuishi bila kubeba kitu na asionekane. Kwetu haiwezekani. Kwetu mwanamume hupimwa kwa bega lake: akitokea mgonjwa wa kupelekwa barabarani, likitokea jeneza, likitokea kaburi la kuchimba kwenye ardhi ile yenye mawe.

Msiba wa kwanza baada ya kujua hali yangu ulikuwa wa jirani yetu wa kijijini. Nilisimama pembeni ya kaburi na kanzu yangu safi.

"Mwandishi!" mmoja wa wachimbaji aliniita kutoka shimoni. "Shuka bwana, jembe hili halitaki wino."

"Muache," mwingine akasema. "Atatuandikia gazetini kwamba tulichimba vizuri."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kaka alikuwa ameshashuka. Hakucheka. Alisema tu, bila kuinua kichwa, "Nachimba zamu yangu na yake. Kuna mwenye neno?" Kutoka siku hiyo kila palipokuwa na kazi alifanya zamu mbili, na hakuniuliza kitu. Mimi ambaye nalipwa kwa kuuliza sikujiuliza hata mara moja ukimya huo ulikuwa unamgharimu nini.

Mama alikuwa na namna yake. Bibi harusi wa kwetu, akishapakwa hina, haguswi na kazi hadi rangi ikolee. Basi kila alipoona nimekaa wakati wengine wameinama, alinisogelea na kuvigeuza viganja vyangu juu, akavikagua kama mtu anayetafuta mwiba.

"Hina yako haijakauka tu, mwanangu?"

Alisema kwa mzaha, lakini baada ya safari chache niligundua kwamba ameshajitafutia maelezo. Mke wangu ni mtu wa Dodoma mjini, na mama aliamini kuwa yeye ndiye aliyenikataza kazi za kijijini ili nisimchafulie nguo. Aliwaambia hivyo shemeji yangu, mke wa kaka, na wanawake wa jirani. Mke wangu aliyasikia yote, kwa sababu wanawake walihakikisha anayasikia. Alipiga goti, akasema "shikamoo mama," akaenda kusonga ugali. Tulipokuwa kwenye basi la kurudi ndipo aliponiambia, akitazama nje, "Mwambie mama. Mimi nimechoka kuwa sababu."

Nilimwahidi nitamwambia mama siku ya Idi.

Idi ikafika. Baada ya chakula cha mchana nilibaki uani na mama, yeye akichambua maharage kwenye ungo, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda nikitafuta sentensi ya kwanza. Katika kazi yangu sentensi ya kwanza ndiyo ngumu. Ukiipata, nyingine zinafuata. Mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai, na gunia moja lililokwishajaa lilisimama kando. Nilikuwa nimefikia kusema, "Mama, kuna jambo," wakati upepo ulipogeuka na matone ya kwanza yakapiga bati.

"Gunia!" mama akapiga kelele. "Liingize ndani, upesi!"

Kaka alikuwa msikitini. Mke wangu alikuwa kisimani na shemeji. Nilisimama, nikalishika gunia kwenye pembe zake, na kabla sijalivuta nikasikia pumzi yangu imekwama. Nikaliachia.

"Mgongo, mama. Mgongo unanisumbua."

Alinitazama. Hakusema neno la hina siku hiyo. Aliweka ungo chini, akafunga kanga kiunoni, akaliinamia gunia lile yeye mwenyewe, mwanamke mwenye wajukuu wakubwa, akaanza kulikokota kwa kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mvua ikimpiga usoni. Mimi nilikunja turubai juu ya mahindi yaliyobaki. Nilikuwa nikimwona wakati wote. Nakumbuka mfereji ambao gunia liliuchora kwenye udongo, na jinsi maji yalivyoujaza.

Alipomaliza aliketi kizingitini akihema. "Ulikuwa unasema kuna jambo," akaniambia.

"Si kitu, mama."

Miezi haikuwa mingi baada ya hapo. Aliugua kifua, akalazwa Kondoa mjini, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani. Kisha simu ya kaka ikanikuta kazini. "Njoo," alisema. "Mama ametuacha." Tulipanda basi la asubuhi iliyofuata, mimi na mke wangu, na njia nzima hatukuzungumza juu ya lile ambalo sasa halikuwa na wa kuambiwa.

Alizikwa baada ya sala ya adhuhuri. Jeneza lilipofika makaburini, sheikh aliwataka wanaume wa damu yake washuke kumpokea. Mwanamke hapokewi na mtu baki. Wanaoshuka ni watoto wake na ndugu zake. Kaka akashuka. Mjomba, mdogo wake mama, akashuka. Ikabaki nafasi ya mtu wa tatu, na kila mtu alijua ni ya nani. Nilivua viatu. Nilisimama kwenye ukingo wa udongo mbichi nikiangalia kina cha shimo, nikifikiria namna ya kuruka, namna ya kuinama, uzito mikononi, pumzi. Kaka aliinua macho akanitazama. Kwa mara ya kwanza hakusema kwamba atachukua zamu yangu. Alikuwa akinisubiri.

Nikasema, "Siwezi."

Sijui kama nilisema kwa sauti. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alinipita akashuka. Mtu akanipa pembe ya shuka, lile linalotandwa juu ya kaburi la mwanamke ili asionekane akiingizwa, nikaishika pamoja na wengine. Kazi yangu maisha yote imekuwa kutazama, na siku hiyo nilishika nguo inayozuia watu kutazama. Nilisikia sauti ya kaka kutoka chini: "Kwangu. Polepole. Kichwa, kichwa. Mgeuzeni kwenye mwanandani." Nilisikia mbao zikipangwa kuliziba shimo dogo la ndani alimolazwa. Hapo ndipo shuka likaondolewa, na hapakuwa tena na cha kuona isipokuwa mbao.

Jioni, watu walipopungua, nilimwita kaka nyuma ya nyumba na kumweleza yote, kuanzia skrini hadi kwenye ukingo wa kaburi. Alisikiliza amechuchumaa.

"Mama alikufa akiamini shemeji ndiye aliyekukataza kazi," akasema mwishowe.

"Najua."

"Na mimi nilifikiri unatudharau." Aliokota kijiti akakivunja. "Nilikuwa nachimba zamu yako nikiwa nimekasirika. Miaka yote hiyo. Ungeniambia, ningechimba bila hasira."

Aliinuka, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mke wangu. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona mke wangu akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mwezi uliofuata kaka alikuja Dodoma kupimwa. Alilala kitandani na mafuta baridi kifuani, akilalamika kwamba anapakwa kama chapati. Vali yake ina vipande vitatu, na mshipa wake uko sawa. Daktari alipomaliza, kaka akafunga vifungo vya shati, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei:

"Dokta, mama yetu alikuwa mwembamba. Tulimpokea kaburini watu watatu. Huyu angeweza kushuka?"

Daktari alinigeukia kwanza, kama anayeniomba ruhusa. "Watu watatu, mzigo mwepesi, mtu anashushwa taratibu bila kuruka? Na kipimo cha mshipa wake bado kidogo?" Akafikiri. "Ningemwambia ashuke, asijikaze, awe anapumua. Namna ya kujipima ni rahisi: kama unaweza kuongea huku umebeba, hujazuia pumzi." Kisha akaniuliza mimi, kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuuvumilia, "Kwa nini hukuniuliza?"

Siku ile ya kwanza nilikuwa nimeuliza kila kitu ninachokatazwa. Sikuuliza hata kimoja ninachoruhusiwa.

Kaka alikuwa amekuja na kiroba cha mahindi, yale yale ya turubai, na alikiacha kituo cha basi kwa mtu anayefahamiana naye. Tulikipitia, bajaji ikatushusha Nkuhungu kwenye kona, mbali kidogo na geti, kwa sababu barabara yetu ilikuwa inachimbwa. Kaka alikitazama kiroba, akanitazama mimi.

"Shika upande huo," akasema. "Haya, ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Taja majirani zako."

Nikashika. Tukakinyanyua, kila mtu na pembe zake mbili, tukatembea. Nikamtajia mwenye duka la gesi, mama wa vitumbua, fundi cherehani anayefungulia redio mtaa mzima. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia. Mke wangu alikuwa amesimama getini akitutazama, mkono mdomoni. Tulipokitua kizingitini kaka alinyoosha mkono akageuza kiganja changu juu, kama alivyofanya mama, akafungua kinywa kusema kitu.

Akaacha. Akakiachia kiganja, akaomba maji ya kunywa.