Kifundo cha Mkono Nilichomficha Afande Ojok

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoingia kwa fundi mmoja pale Katwe nikamwambia anitengenezee ukanda wa ngozi wenye bati ndani yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, askari polisi mpya, na msichana pekee katika timu yetu ya kuruka kwa upondo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeniuma wiki nne mfululizo, na badala ya kumwambia mtu, nilikwenda kutafuta bati. Bati, mwanangu! Kana kwamba mkono ni paa la nyumba.

Nakueleza haya kwa sababu Jumapili ulipokuja hapa Bugolobi nilikuona ukimimina chai kwa mkono wa kushoto, na bendeji umeisukumia ndani ya sweta. Nikakuuliza. Ukasema, "Niko sawa, senga." Ukarudi zako hosteli Wandegeya, ukaniacha nimeshika birika na hasira zangu. Mimi ni dada ya baba yako. Kazi ya senga ni kusema yale ambayo wazazi wanashindwa kuyasema, basi kaa chini usome ujumbe huu mpaka mwisho. Nimeuandika kwa simu siku mbili na macho yananiuma.

Wewe ni mrukaji, mchezo unaujua, lakini najua utawaonyesha dada zako, kwa hiyo nieleze kidogo. Mrukaji hukimbia ameshika upondo, ule mti mrefu wa faiba unaopinda. Huchomeka ncha yake katika kisanduku cha chuma kilichofukiwa ardhini, na nguvu yote ya mbio hupanda mikononi kabla ya kumnyanyua juu. Mkono wa juu ndio unaobeba mwili mzima. Kwangu mimi ulikuwa wa kulia, na huo ndio niliouangukia. Nilitua nusu kwenye godoro, nusu kwenye nyasi, nikajizuia kwa kiganja. Kitu kikalia ndani ya kifundo. Nikasimama, nikajipangusa, nikacheka ili wengine wacheke nami.

Kocha wetu alikuwa Afande Ojok, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kambini. Kila asubuhi kabla hatujagusa upondo alitupanga mstari akauliza swali moja: "Nani anaumwa?" Kila asubuhi, mwanangu. Hakusahau hata siku moja. Na kila asubuhi mimi nilitazama mbele nikanyamaza.

Unataka kujua kwa nini? Ilikuwa imebaki miezi miwili twende Nairobi kushindana na polisi wa huko, na mimi nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka. Tena kulikuwa na kijana mmoja kwenye timu aliyependa kusema mikono ya wanawake ni ya kusonga posho, yaani ugali. Niliona nikisema naumwa, atacheka mpaka Krismasi. Kwa hiyo nikaamua kuumwa kimya. Nikajisikia shujaa! Ninapoandika neno hilo natamani kumshika yule msichana mabega nimtikise.

Nilijaribu kila kitu isipokuwa kusema. Niliuloweka mkono katika maji ya moto yenye chumvi mpaka ngozi ikachubuka. Nilikwenda sokoni kwa mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akiuza mafuta ya kuchua. Alinibonyeza kidogo tu, nikaruka, naye akanirudishia mkono wangu. "Mafuta hii ni ya mwili wenye kuchoka," akasema. "Haiko ya mifupa. Wende ku hopitali, mwanangu." Nilimshukuru, nikanunua makopo mawili.

Kisha ndipo nikaenda Katwe. Yule fundi alipima mkono wangu kwa uzi, akaniuliza ukanda ni wa nani. Nikasema ni wa kaka yangu anayebeba mizigo. Akatazama uzi, akanitazama mimi. "Kaka yako ana mukono kidogo sana," akasema. "Mwambie apumzike." Yaani hata mtu wa bati alijua! Alijua mama wa sokoni, alijua fundi. Mpumbavu alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na ule mkono.

Ukanda ulifanya kazi, na hilo ndilo balaa lenyewe. Niliufunga chini ya sweta la mazoezi, kifundo hakikupinda tena, maumivu yakapungua nusu. Wiki mbili niliruka vizuri. Afande Ojok akafurahi, akaniambia nipandishe mshiko wangu juu kidogo kwenye upondo, kwani Nairobi ilikuwa inakaribia. Nikapandisha.

Asubuhi ile ilikuwa na ukungu, na upondo ulikuwa na unyevu. Afande alisimama mahali pake pa kawaida, kando ya kile kisanduku, ili amsukume mgongoni yeyote ambaye angeshindwa kupanda vizuri. Nilikimbia. Nikachomeka. Upondo ukapinda, ukaanza kuninyanyua, na pale mkono wa juu ulipotakiwa kugeuka na kukaza, haukuweza kugeuka. Bati lilikuwa limeushika. Vidole vikafunguka vyenyewe, kimoja kimoja, nikavihisi. Sikwenda mbele kwenye godoro. Nilirudi nyuma, kichwa kikitangulia, kuelekea kwenye saruji ya njia ya kukimbilia.

Afande Ojok angeweza kusogea pembeni. Mtu yeyote angesogea. Yeye akaingia chini yangu mikono wazi. Kichwa changu kikatua kifuani pake, na bega lake likatua kwenye saruji. Nilisikia mfupa ukikatika, na kwa sekunde moja nilidhani ni wangu.

Hospitali walitulaza vitanda viwili jirani, pazia halikufungwa. Yeye alikuwa amevunjika mtulinga. Mimi daktari alinikuta mzima, ila alipoona ule ukanda akaufungua taratibu. Alikuwa msichana mdogo, hakunizidi sana umri. Akabonyeza kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba. Nikapiga kelele wodi nzima ikageuka. Wakanipiga picha ya eksirei, daktari akaja nayo akaishika juu kwenye mwanga. Kuna kimfupa pale, mwanangu, kidogo kama korosho. Changu kilikuwa vipande viwili.

"Hii haikuvunjika leo," daktari akasema.

Kitanda cha pili kikalia. Afande Ojok alikuwa amegeuza kichwa.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Wiki sita, afande."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye akageukia ukuta. Nimewahi kukemewa na wakubwa wengi katika miaka yangu ya kazi, wengine walirusha hadi viti. Hakuna aliyeniumiza kama ule mgongo.

Nilifungwa plasta ngumu kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Nairobi walienda wakimbiaji tu. Warukaji wote walibaki, pamoja na yule kijana wa posho, kwa sababu hakukuwa na kocha wa kuwapeleka. Hakuna aliyenicheka. Ningefurahi kama wangenicheka.

Baada ya wiki nilikwenda nyumbani kwa Afande kuomba msamaha. Mlangoni nikapokewa na mke wake, Mama Akello, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa maneno mazuri. Hakuyataka.

"Msamaha baadaye," akasema. "Sasa ingia, kuna ndizi ya kumenya."

Nikaingia. Afande alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umening'inizwa shingoni, kisu mkononi. Mama Akello akaweka beseni la ndizi katikati yetu, akaenda zake kufua. Basi tukamenya, watu wawili kwa mikono miwili. Mimi nikashika ndizi, yeye anakata ganda. Ilidondoka mara ngapi, Mungu ndiye anajua. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, kwa sababu Mama Akello hakuniuliza kama nitarudi. Aliniambia saa ya kufika.

Wiki ya tatu alikuwa anamfunga mumewe vifungo vya shati, mtoto analia, maji yanachemka yanamwagika, nami nimesimama kama nguzo. Uvumilivu ukamwishia.

"Wewe Zubeda," akasema bila kugeuka, "uliogopa uchungu yako itasumbua watu, sivyo? Ukaficha. Haya, angalia hii nyumba. Huyu hawezi lala upande moja. Mimi nabeba maji yote peke yangu. Mtoto anataka baba amubebe, baba hawezi. Uchungu ilikuwa ya mutu moja. Wewe umegawa kwa watu yote hapa. Neno moja tu ungesema! Huyu alikuwa anauliza kila siku, mimi namsikia hata akiwa anaota!"

Kisha akamaliza kifungo cha mwisho, akanipa kikombe cha chai, akarudi kwenye maji yake. Nililia kwenye ile chai, mwanangu. Afande akajifanya anatazama nje.

Plasta ilitolewa, ikafungwa tena, ikatolewa. Mfupa uliokaa wiki sita bila kutunzwa hauponi kwa kubembelezwa. Ulipofika msimu mpya wa mazoezi, nilirudi uwanjani bila ruhusa ya kuruka, nikasimama kwenye mstari na wengine. Afande Ojok, bega limeshuka kidogo upande mmoja, akapita mbele yetu na swali lake lile lile. Nikanyoosha mkono.

"Mimi, afande. Bado kinauma nikikisukuma."

Akasimama. "Asante," akasema. Akanipa kamba ya mpira tunayoiweka juu badala ya ufito unaorukwa, niwashikie wengine. Niliishika mwaka mzima kabla ya kuruka tena, na sikuwahi kurudi kwenye kimo kile. Mpaka leo nikisujudu kiganja cha kulia hakilali sawasawa kwenye mkeka. Mara tano kwa siku nakumbushwa.

Sasa nisikilize, na nitasema wazi ili usije ukasema hukuambiwa. Kifundo kinachouma baada ya kuanguka, hasa pale chini ya kidole gumba, usikiite kimeteguka mpaka kipigwe picha. Na wakikwambia picha iko safi lakini bado kinauma baada ya wiki mbili, rudi wapige nyingine, hata kama nesi atakukunjia uso. Bendeji ni ya kupumzikia. Ukiifunga ili ukaruke, umejidanganya kwa kitambaa. Kama hukuanguka na bado kinauma, basi mshiko wako una kasoro, au unachelewa kunyanyua mikono, au upondo ni mgumu kuliko uzito wako. Na hayo huwezi kuyaona mwenyewe wala kwenye hizo video unazotazama kitandani, anayaona aliyesimama kando. Lakini hawezi kuona maumivu. Hayo ni wewe tu wa kuyasema. Umri wako ni miaka kumi na tisa, unaweza kukosa mashindano matano na bado ukawa na miaka ya kuruka. Na kumbuka kwamba kando ya kisanduku huwa kuna mtu amesimama, ana mke au mume, ana watoto wanaotaka kubebwa.

Sijakukataza kuruka. Nakupenda ukiruka. Nilikuja ile mara moja nikakuona ukiwa juu, nikasahau nimeshika soda.

Mola akulinde ukiwa hewani na ukiwa ardhini. Akuponye kifundo hicho kikunjike na kukunjuka kama cha mtoto mchanga. Akupe kocha mwenye masikio, akujaalie mifupa migumu na ulimi mwepesi. Amina.

Haya, mpigie kocha wako sasa hivi.