Visu vya Mhunzi wa Nyamwage

Shida yangu ilianza mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi na tano. Baba alikufa kabla mpunga haujakomaa, na mpunga wenyewe mto ukauchukua. Shule nilikuwa nimeshaiacha darasa la nne, kwa hiyo huko sikupoteza kitu. Nikachukua kisu cha jikoni cha mama na kapu la machungwa, nikaenda Ndundu, pale magari ya Lindi na ya Dar es Salaam yalipokuwa yakisubiri pantoni.

Pantoni ikiharibika watu walilala palepale. Mtu aliyelala njiani hutaka chungwa, lakini hutaka lililomenywa, si lililochunwa. Kisu cha mama kilikuwa butu na mpini umelegea. Ganda lilitoka na nyama yake, maji yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Siku moja mzee mwenye mikono yenye makovu ya cheche alisimama mbele yangu.

"We kijana, unamenya au unachinja?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Kama unajua sana, umenye mwenyewe."

"Kwa kisu gani? Hicho ni kijiko kilichopotea njia. Kesho kutwa njoo Nyamwage, uulize kwa mhunzi. Mdomo wako uuache hukuhuku."

Nilikwenda, na mdomo nikaenda nao.

Mhunzi yule alifua visu vya kukunja, vya kutia mfukoni. Chuma alikipata kwenye springi za malori yaliyofia barabarani, mipini alichonga kwa mpingo. Lakini kabla hajagusa chuma alikupa donge la udongo mbichi. "Shika kama unavyofanya kazi," alisema. Ukishika, vidole vyako vinabaki kwenye udongo, naye anachonga mpini kwa kufuata alama zile. Kisu kikiisha, anauponda udongo na kuurudisha kwenye ndoo kwa ajili ya mteja mwingine. Kwa hiyo kila kisu chake kilikuwa na mkono mmoja tu duniani. Ukiazima cha mwenzio kinakuuma.

Mimi sikuwa na cha kumlipa. Akaniweka kwenye mivukuto, nikavukuta moto mpaka kisu changu kikaisha. Hakunipa mkononi. Alikiweka juu ya jamvi.

"Okota. Kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono, kinakata undugu."

Kwa kisu kile ganda la chungwa lilitoka utepe mmoja kutoka juu mpaka chini bila kukatika. Abiria wakawa wananiita madirishani, "Wewe wa utepe! Lete huku!" Kutoka machungwa nikaenda kwenye mananasi, nikapata meza, nikapata genge, nikapata duka Kibiti. Watu waliofanikiwa hupenda kusema hawakusaidiwa na mtu. Mimi nilisaidiwa, na aliyenisaidia namjua.

Zama za ruksa zikakolea, biashara ikawa huria, bidhaa zikaingia za kila namna. Vikaja visu vya kukunja kutoka nje, vya mpini wa plastiki, vinang'aa, vimepangwa kwenye maboksi. Niliviuza. Anayetaka nione haya atasubiri sana; mwenye duka huuza kinachonunuliwa. Ila wateja walianza kuniletea visu vya mhunzi. Mwenye kisu kafa, mwanawe hawezi kukishika. "Hiki kinaniuma mkono, nipe kinachong'aa." Nikawa nampa kipya, nachukua cha mhunzi na kukitia kwenye droo.

Mke wangu hakuelewa. "Baba watoto, unatoa kipya kwa kikuukuu, hiyo ni biashara ya wapi?"

"Hujui kitu, mama."

"Kweli sijui. Ila najua chumvi imekwisha dukani na wewe una droo nzima ya vyuma."

Maneno yakafika Nyamwage, tena yamepinda: yule kijana wa mivukuto sasa anauza visu vya maboksi, na vyako anavikusanya auze kama vyuma chakavu. Hapo niliogopa. Fundi wako akikunung'unikia, unachoshika hakikai. Ndivyo ninavyoamini, na msomi asinisumbue.

Akaja mwenyewe kwa basi. Hakunywa maji niliyompa.

"Nasikia unaniuza kwa kilo."

Nilifunga mlango wa duka, nikatandika jamvi sakafuni, nikapanga visu vyote vikiwa vimefunguliwa. Vimesafishwa, vimepakwa mafuta ya nazi. Mzee akakaa chini. Akaokota kimoja, akapitisha kidole kwenye mabonde ya mpini.

"Huyu ni wa pantoni. Kidole cha mwisho kilikatwa na kamba."

"Ndiye."

"Na huyu ni yule mama wa kusuka ukili, aliyeshika kwa kushoto. Yuko wapi?"

"Alitangulia, mzee. Bintiye ndiye aliyekileta."

"Inna lillahi." Akakirudisha polepole, akachukua kingine. Alivijua vyote. Mwisho akasema, "Udongo wao niliuponda wote. Nilidhani na mikono yao imekwenda nao. Kumbe iko kwako." Akanyoosha mkono kwenye kikombe, akanywa maji. "Chako kiko wapi?"

Nilikitoa mfukoni nikakiweka jamvini. Kilikuwa kimenolewa mpaka kimebaki kama mwiba wa samaki. Akaukamata mkono wangu, akaubonyeza kama anayechagua papai.

"Huu si ule. Umenenepa kwa kukaa dukani. Kesho kutwa njoo Nyamwage. Mdomo wako uuache hukuhuku."

Nilikwenda. Nikashika udongo. Hakuwa na wa kumvukutia, nikavua shati la dukani nikavukuta mwenyewe, huku akinicheka ninavyohema. Kilipoisha alikiweka juu ya jamvi lilelile la zamani.

"Okota. Nimekuridhia."

Baada ya hicho hakumaliza kingine mpaka anafariki.

Leo nina nyumba ya bati yenye baraza, duka Kibiti na banda la kukodisha ubavuni pake. Nina shamba la mikorosho, mbuzi, baiskeli, redio na kaburi la baba lililojengewa. Visu vya mhunzi viko ndani ya sanduku la mninga, na ufunguo anao mke wangu. Kimoja kiko mfukoni mwangu, na hakiniumi.