Marehemu Aliyesimama Mnadani

Juzi, nikitoka mtaa wa Gerezani, nilipita mnadani Kariakoo nikakuta vyombo vya nyumba nzima vimepangwa chini: masinia ya shaba, mabirika, makasha, na sahani za maua za kupamba ukuta. Mnadi amezoea kwamba vitu kama hivyo havitoki ndani mpaka mwenyewe afe. Akapiga kengele: “Mali ya marehemu! Mungu amrehemu!” Tukaitikia amina.

Mama mmoja wa makamo akasimama, akajitanda kanga yake vizuri. “Amina. Marehemu ni mimi. Haya, endelea kunadi.”

Tulicheka mpaka mnadi akaangusha kengele. Jirani wa yule mama hakucheka. Akamvuta mkono: “Dada, wageni wakija wataona nini ukutani?”

“Wataniona mimi. Miaka yote wanasifu sahani.”

Sinia la mwisho lilipochukuliwa akaenda zake, kichwa juu, akitupa mikono kama bibi mwenye mji.

Sisi wengine vyetu vitanadiwa nasi hatusikii. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshainua mkono kutaka birika moja lililobaki. Nikaushusha polepole, nikajikuna kisogo.